Siku Majembe Yalipokuja Kikaoni

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wa kwangu na wa wenzangu, wekeni simu chini kwanza. Naandika kwa mkono wangu, na mkono wangu hauna haraka. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikatolewa nikalee wadogo zangu. Mkikuta neno limekosewa, lirukeni, sikuandika ili mnisahihishe. Nimeandika kwa sababu mnapita hapa mnalitazama shamba langu la mteremkoni lilivyojaa nyasi, mnatikisa vichwa, mnasema bibi wa watu ametelekezwa. Hakuna aliyenitelekeza. Nyasi zile ziko pale kwa amri yangu, na amri ile ina maelezo yake.

Shamba lenyewe liko nyuma ya nyumba. Ukipita mikaratusi linaanza kupanda mpaka kwenye mawe, na ukisimama pale juu unaiona barabara ya kwenda Matai na matope yake. Udongo wa huku kwetu umechoka tangu zamani. Waliotutangulia waliuponya kwa majani. Mvua zikikolea na nyasi zikiwa mbichi bado, unazikata pamoja na udongo wake, unazigeuza, unazirundika, majani ndani na udongo nje, mpaka linasimama tuta la mviringo kama chungu kilichofunikwa. Tunaliita ntumba. Juu yake unapanda maharage, na ndani yake majani yanaoza polepole. Msimu unaofuata unalibomoa, unalisambaza, unapanda ulezi au mahindi, na mimea inatoka ya kijani mpaka inaelekea weusi.

Ni kazi nzuri, na ni kazi ya kuvunja mgongo. Tena ina wakati wake. Nyasi zikishakauka umekosa, udongo unakuwa jiwe na majani hayaozi. Mtu mmoja hawezi kuumaliza mteremko mzima kabla ya hapo, hata awe na nguvu za ng'ombe. Ndiyo maana kulikuwa na mwaliko.

Mwaliko ulikuwa hivi. Mwenye shamba anapika pombe ya ulezi. Harufu ya kimea inapanda, watu wanajua. Siku ikifika wanakuja na majembe yao, wanapanga mstari chini ya mteremko, wanapanda nao kwenda juu. Jua likianza kulegea wanarudi uani, wanakaa, wanakunywa. Kesho au keshokutwa harufu inatoka kwa mwingine, na wewe unakwenda. Hakuna anayeajiri na hakuna anayeajiriwa.

Nikisema naukumbuka mwaliko msidhani naikumbuka pombe. Pombe hata leo ipo. Naikumbuka sauti ya majembe yakiingia kwenye udongo mbichi kwa pamoja, halafu kimya kidogo, halafu tena. Naukumbuka ule ubaridi wa asubuhi unaotoka mdomoni kama moshi, na namna unavyosahau baridi ukishafika katikati ya mteremko. Wanaume walikata na kugeuza, sisi wanawake tulirundika kwa mikono, udongo ukaingia chini ya kucha na kukaa humo mpaka Jumapili kanisani. Marehemu mume wangu alishika mwisho wa mstari, upande wa mawe, kwa sababu ndiko kugumu. Hakujua kuimba. Aliimba hata hivyo, na watu walimwachia aimbe vibaya kwa kuwa alilima vizuri.

Na matusi! Siyo matusi ya kuumiza. Mtu akizembea, tuta lake likatoka dogo, mtu wa pembeni anauliza kwa sauti, mstari mzima usikie:

"Hilo ni ntumba, au umemzika panya?"

Basi siku nzima anaitwa mwenye msiba wa panya, mpaka arundike tuta la kuwanyamazisha. Niliolewa hapa nikiwa msichana mgeni, na siku nilipoulizwa habari za panya wangu ndiyo siku nilipojua nimekuwa mtu wa hapa.

Siku hizi nikiamka, msimu wa ntumba ukiwa umefika, najikuta nasikiliza. Nasikiliza nini? Nasikia pikipiki.

Sasa kuhusu lile agizo. Mliosoma mnaliita sera. Kwetu lilishuka hivi: yeyote anayefanyiwa kazi na watu wasio wa nyumba yake apeleke majina yao kwa mtendaji wa kijiji, aseme ni kazi gani, malipo ni nini, na wakiumia nani atawatibu. Asiyefanya hivyo anahesabika anaficha vibarua. Sitaki mtu aseme nililichukia tangu mwanzo. Halikuja bure.

Kulikuwa na mkulima mkubwa, mzaliwa wa huku huku, aliyehamia mjini akajenga Milanzi, kisha akarudi kununua ardhi mpaka ukisimama kwenye mpaka wake huoni mpaka wa pili. Naye alialika. Pombe yake ilikuja kwenye madumu, imepandishwa pikapu. Watu walikwenda kwa sababu neno lilikuwa lile lile walilolizoea. Wakalima. Wakaitwa tena kupalilia, wakaitwa kuvuna, wakaitwa kupukuchua, yote kwa madumu yale na maneno matamu. Siku ya kupukuchua, mkono wa kulia wa kijana wa jirani yangu uliingia kwenye mashine. Mkono ulitoka, vidole havikutoka.

Jirani huyo ni mjane kama mimi. Shamba lake na langu yametenganishwa na mfereji mdogo ambao kuku anauruka. Alipokwenda kwa yule bwana kuuliza mwanawe atatibiwaje, alijibiwa kwa upole kabisa, na mtu aliyevaa shati lililopigwa pasi:

"Mama, mimi sikumwajiri. Nilimwalika. Amekunywa pombe yangu kama wenzake."

Basi agizo lilipokuja, jirani yangu alilipokea kama mvua. Mimi nililipokea kwa kunyamaza. Kwanza sikuona linanihusu. Halafu mwaka ule ule nikaalika, watu wameshapanga mstari chini ya mteremko, mgambo akatokea akasimama penye mikaratusi.

"Bibi, shikamoo. Hawa umewapeleka kwa mtendaji?"

"Marahaba. Niwapeleke wamefanya nini?"

"Majina yao, bibi. Ndiyo utaratibu sasa."

Hakuwa mkorofi. Alitumwa. Lakini watu wakaanza kushusha majembe mmoja mmoja, wakatafuta sababu, huyu ana mgonjwa, huyu kasahau mbuzi. Waliondoka wameinama, utafikiri tumefumaniwa. Pombe ilichacha, tukawamwagia nguruwe. Tangu siku hiyo hakuna aliyealika tena. Kila mtu alijipigia ntumba zake chache karibu na nyumba, kimyakimya. Yule bwana mkubwa yeye hakusumbuka. Aliandikisha wachache, waliobaki akawaita ndugu zake. Kumbe ana ndugu wengi kiasi hicho.

Miaka ikapita hivyo. Mteremko ukaota nyasi. Mimi na jirani yangu tukawa tunasalimiana juu ya mfereji kwa maneno mafupi. Yeye alijua sipendi agizo, mimi nilijua kwa nini analipenda, na kati ya mambo hayo mawili hapakuwa na nafasi ya kuchekana tena.

Msimu huu, Jumapili moja baada ya Misa, mwenyekiti wa kitongoji akasimama nje ya kanisa akatangaza kwamba wageni watakuja kutoka mjini kufanya tathmini ya lile agizo. Wanataka kujua limefanya nini, zuri na baya. Wanataka wadau wote, wenye mashamba, wenye mashine, vibarua, wazee.

"Mdau ndiyo nani?" akauliza shemeji yangu, mdogo wa marehemu, mtu ambaye hajawahi kuacha swali lipite.

"Mdau ni wewe, mzee."

"Haa! Nimeishi miaka yote hii sijawahi kuwa chochote. Leo nimekuwa mdau na suruali ni hii hii."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akaendelea kwamba ofisi ya kijiji upepo umenyanyua mabati, kwa hiyo kikao kitafanyika kwangu, kwenye banda alilokuwa akikaushia matofali marehemu. Nikakubali. Na kwa kuwa nimekubali, nikaloweka ulezi.

Wapo walioniuliza baadaye kwa nini nilipika pombe. Nawashangaa. Unaitaje watu nyumbani kwako ukawakalisha na koo kavu? Mgeni akija kutoka mjini, je? Sikufikiria zaidi ya hapo. Lakini kimea kikaanza kunukia, na huku kwetu, nyasi zikiwa mbichi na harufu ile ikatoka uani kwa mtu, watu hawaulizi maswali. Waliokuwa kanisani waliwaambia wasiokuwepo: siku fulani, kwa bibi. Wasiokuwepo wakanusa. Wakajijibu wenyewe.

Asubuhi ya kikao ukungu ulikuwa umelala mpaka mlangoni. Niko jikoni nasikia nyayo, naona mtu anatokea kwenye ukungu, begani ana jembe. Nyuma yake mwingine, jembe. Wanawake wamejifunga khanga kiunoni, majembe. Wale waliojua ni kikao nao, walipowaona wenzao wanapita na majembe, walirudi ndani kuchukua ya kwao wasije wakaonekana wavivu. Hata kijana wa jirani yangu alikuja, jembe kalishika kwa mkono wa kushoto. Yakaegemezwa ukutani kwa banda, moja juu ya jingine, mpini juu ya mpini, kama zamani.

Nilisimama nikayatazama. Nilipaswa kusema hapo hapo, jamani, mmekosea, leo ni maneno tu. Sikusema upesi. Niliyaacha yakae kidogo ukutani.

Gari la wageni likafika. Akashuka dada mmoja kijana, afisa, Kiswahili chake si cha huku, na dereva wake. Akanisalimu akiinama, halafu akayaona majembe, akawaona watu, akainusa hewa.

"Bibi, samahani. Hawa ni wadau au ni vibarua wako?"

"Sisi ni watu wenye kiu," akasema shemeji.

Banda likalipuka kwa kicheko. Mtendaji hakucheka, alikuwa anatokwa jasho na baridi yote ile. Akaanza kueleza kwamba wananchi hawakuelewa tangazo, kwamba atawaondoa. Yule dada akamwinulia mkono taratibu.

"Hapana, mtendaji, waache. Mimi nimekuja na maswali yangu kutoka ofisini, lakini naona jibu moja limeegemea ukutani. Tuanzie hapo. Nani ataniambia haya majembe yamefuata nini?"

Watu wote wakanigeukia. Basi nikasimama nikasema. Nilieleza mwaliko kama nilivyowaeleza ninyi, bila kuongeza sukari. Nikasema agizo lilikuja kumkamata mwizi, likamkuta mwenye nyumba, likamfunga huyo. Nikasema watu wa hapa walikuwa wakijuana kwa mikono yao, na sasa tunajuana kwa kusalimiana. Nikasema nina mteremko unaolala na nyasi, na mwezi huu ukiisha nyasi zimekauka, na mwaka mwingine umekwenda. Nikamwomba yule dada waandike kwamba mwaliko si ajira, uachwe huru kabisa, asiulizwe mtu.

Nilisema vizuri. Nilijua nimesema vizuri. Ndipo nikasikia mtu anapiga makofi peke yake.

Alikuwa yule bwana mkubwa. Alikuwa ameletewa kiti cha plastiki, amekaa pembeni, shati limepigwa pasi.

"Bibi amesema vema kuliko sisi sote," akasema. "Mimi ni mtoto wa huku, nafuata mila kama ninyi. Uachwe huru kabisa. Asiulizwe mtu. Mheshimiwa afisa, naunga mkono, andika hivyo hivyo kama bibi alivyosema."

Maneno yangu mwenyewe, kinywani mwake, yalikuwa yamebadilika harufu.

Jirani yangu akainuka. Hakumwangalia yeye, aliniangalia mimi.

"Jirani, umemsikia? Umemsikia anavyokushukuru? Mwanangu huyu hapa. Hashiki kijiko kwa mkono ule. Ukiondoa mwaliko kwenye agizo umemfungulia huyu mlango, tena umemshikia mlango asiugonge. Mimi sitaki mwaliko wenu. Mtu akiniumizia mtoto nataka jina lake liwe mahali."

"Mama, tusilete mambo binafsi," bwana akasema kwa ule upole wake. "Hii ni mila."

"Mila yako ina pikapu," akasema shemeji, na safari hii hakuna aliyecheka sana.

Nilikuwa bado nimesimama. Magoti yaliuma lakini sikukaa. Nilijua anachosema jirani ni kweli, na nilijua mwaliko wangu si mwaliko wa bwana yule, na sikuwa na neno la kuitenganisha. Nikayatazama majembe ukutani. Halafu nikamgeukia yule dada.

"Mwanangu, futa nilichosema, kile cha asiulizwe mtu. Andika hivi. Mtu akisema amealika, aulizwe jambo moja tu. Na yeye amelima kwa nani? Mwaliko ni wa kwenda na kurudi. Anayeitwa leo ndiye anayeita kesho. Kama unaita tu na hujawahi kuitika, wale ni vibarua wako, hata ukiwapa pombe, hata ukiwaita shangazi. Waandikishe, uwalipe, na wakiumia uwatibu. Sasa muulizeni huyu bwana. Katika shamba la nani hapa jembe lake limewahi kuingia?"

Banda zima likamgeukia. Akarekebisha ukosi.

"Mimi shughuli zangu ni nyingi, jamani..."

Hakumaliza. Wanawake walipiga vigelegele, mtu akauliza kama bwana anajua jembe linashikwa upande gani, mwingine akasema amuulize dereva wake. Hata jirani yangu aliniangalia kwa namna ambayo hakuwa ameniangalia miaka mingi. Yule dada alikuwa anaandika kwa kasi. Niliona vizuri siku ile, ninyi vijana. Nililiona shamba langu limesimama na ntumba zake mpaka kwenye mawe. Niliyaona majembe yanatoka ukutani.

Yule dada akainua kichwa.

"Bibi, kipimo hiki ni kizuri. Nikikipeleka mbele nitaulizwa kama kinapima wote. Kwa hiyo naomba nikuulize na wewe, si kwa ubaya. Kabla mgambo hajaja kukusimamisha, ile misimu ya mwisho uliyokuwa unaalika, nyumba yako ililima kwa nani?"

"Mimi magoti yangu..."

"Sijauliza magoti, bibi. Nimeuliza nyumba."

Mtu wa pembeni akaguna, kwamba binti huyu hana adabu. Adabu alikuwa nayo. Lilikuwa swali langu mwenyewe, amenirudishia. Nililima kwa kila mtu mpaka magoti yalipokataa. Magoti yalipokataa mume wangu alikwenda kwa niaba yetu sote wawili. Alipofariki watu waliendelea kuja kwangu kwa heshima yake na kwa umri wangu. Mwanangu alikuwa na pikipiki yake mjini, mkewe na maandazi yake stendi, wajukuu wakubwa wakisema hayo ni mambo ya kizamani. Watu walikuja wakalima, wakanywa, wakaondoka. Sisi hatukwenda.

"Hakuna," nikasema. "Hatukulima kwa mtu."

Yule bwana alikuwa anatabasamu, nikaliona tabasamu lake na sikulijali, nilikuwa na kubwa zaidi la kutazama. Jirani yangu alikuwa bado amesimama.

"Na mimi niulize," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Zamani mtu akiumia, watu walikuwa wanamlimia mpaka apone. Si ndivyo? Mnasema mwaliko uliuawa na agizo. Mwanangu aliumia kabla ya agizo. Nani aliruka mfereji?"

Yule dada aliacha kuandika. Nadhani hakukuwa na mahali pa kuliandika swali lile.

Mwisho alituambia alichonacho. Hana uwezo wa kubadilisha agizo, atapeleka tuliyosema. Atasema wanaolimiana kwa zamu watenganishwe na wanaofanyisha watu kazi. Atasema anayeita lazima awe anaitika. Na atasema, kama alivyotaka jirani yangu, kwamba hata kwenye mwaliko wa kweli mtu akiumia lazima ijulikane nani atamtibu. Hakutuahidi kitu. Nilimheshimu kwa hilo. Alikunywa pombe kidogo, akashukuru, akaondoka. Yule bwana alikuwa ameshaondoka bila kunywa.

Ukungu ulikuwa umeisha. Jua zuri, lile la baada ya mvua, na mteremko wote unang'aa kwa ubichi. Watu wakaanza kwenda ukutani, kila mtu akalitafuta jembe lake.

"Haya, shemeji," akasema yule mdogo wa marehemu, ameshapandisha mikono ya shati. "Mgambo leo yuko hapa hapa anakunywa, hatatusumbua. Nyasi bado mbichi. Nipe mstari, mimi nishike upande wa mawe."

Upande wa mawe. Alisema tu, hakujua alichosema. Nilitaka kumpa. Mnajua kutaka? Nilitaka mpaka nikashika nguzo ya banda. Wote walikuwa pale, mikono mingi kiasi kile, na mteremko uko nyuma ya nyumba, na mimi miaka niliyoisubiri sauti ile hairudi tena. Ilikuwa niseme neno moja tu.

"Hapana," nikasema. "Leo ninyi ni wageni wangu. Kaeni mnywe. Hamlimi."

"Shemeji, umekasirishwa na kale kabinti?"

"Sijakasirishwa na mtu. Kaa chini."

Walikaa, walikunywa, walicheka, lakini si kicheko cha watu waliochoka. Alasiri waliondoka kwa njia ile ile waliyojia. Nilisimama penye mikaratusi nikayatazama majembe yakishuka begani kwa watu, safi kama yalivyokuja, hakuna hata moja lenye udongo. Jirani yangu aliruka mfereji na mwanawe akaingia kwake. Mlangoni aligeuka mara moja akaniangalia.

Jioni tulikuwa wote jikoni. Mwanangu alikuwa amerudi na pikipiki yake, mkewe anasonga ugali, wajukuu wawili wakubwa wako kwenye simu. Wa kiume, hakuinua hata macho, akasema:

"Bibi, nasikia leo ulikuwa noma kikaoni. Umemchana yule bosi."

"Zima hicho kitu," nikamwambia. "Zimeni wote. Mkwe wangu, na wewe acha mwiko, geuka hapa."

Mwanangu akaniangalia, akajua. Yeye sauti hii anaijua tangu mtoto.

"Mama, kama ni shamba la mteremkoni, nitatafuta vibarua wawili, tunawaandikisha kwa mtendaji, mambo yanakwisha..."

"Sijakuuliza. Sikilizeni, na sitarudia. Kesho asubuhi pikipiki haitoki hapa na maandazi hayaendi stendi. Mtachukua majembe, wote wanne, mtaruka mfereji, mtamwamkia jirani, mtamwomba awaonyeshe pa kuanzia, na mtapiga ntumba mpaka shamba lake liishe. Likichukua siku nyingi, zichukueni. Hampeleki maelezo, hamsemi bibi katutuma, na chakula mnabeba cha kwetu. Akiwapa pombe, mnakunywa na kushukuru. Mkimaliza kwake mtakwenda kwa shemeji, halafu kwa anayefuata, kila nyumba ambayo jembe lake liliegemea ukutani kwangu leo. La kwangu msiliguse, hata tuta moja. Nyasi zikikauka, zikauke. Sasa naweni mikono mle, mkalale mapema."